Tokeo la Nne

Mratibu wa programu alikuja nyumbani kwao Jumanne saa nne asubuhi, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Fundi, aliyekuwa kwenye cherehani yake pale pale sebuleni, alimtupia jicho mara moja tu akajua hakuna heri. Mtu mwenye habari njema huegemea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu anamalizia kunyoa. Tangu mwanze kumwita kwenye hivyo vikao vyenu vya tathmini ananyoa kila siku, utadhani anakwenda kuposa."

Mratibu alicheka kidogo, kwa adabu, akafungua faili lake. Naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, mmoja wa wale waliokuwa wakija hapa na makunjo ya karatasi kwapani, wakala walichokikuta jikoni, wakabishana juu ya upana wa barabara mpaka Fundi awatoe kwa fagio. Siku hizo alikuwa msichana mwembamba asiyesema mpaka aulizwe. Sasa alikuwa na miwani na madaraka, na Fundi alimwonea fahari na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Mwalimu alitoka na povu kidogo chini ya sikio. Hakuna aliyemwambia.

"Mwalimu, nimekuja kuhusu ile fomu ya matokeo ya ujifunzaji," Mratibu alisema. "Kuna kisanduku kimeandikwa 'Ushahidi'. Wewe umejaza 'Miaka ishirini na sita ya kufundisha'."

"Ndiyo. Nimekosea hesabu?"

"Hujakosea. Ila huo si ushahidi, Mwalimu."

Alisema polepole, kama anayemshusha mgonjwa kitandani. Wakaguzi wa ithibati wangefika Ijumaa. Hawangekuja kupima kama yeye alifundisha. Wangekuja kupima kama wanafunzi walijifunza. Kulikuwa na matokeo sita ambayo kila anayehitimu uzamili wa mipango miji alipaswa kuyafikia, na la nne lilikuwa la somo lake: mhitimu aweze kupanga mtaa pamoja na wanaoishi humo. Wakaguzi walitaka kuona kazi zenyewe za wanafunzi. Miaka mitatu ya mwisho, kila mwaka kazi moja nzuri, moja ya wastani, moja dhaifu. Tisa tu.

"Na zisipopatikana?"

"Matokeo matano mengine yako tayari. Likikosekana hili, mwakani haturuhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Programu inafungwa, Mwalimu. Hawatalitumia neno hilo, lakini ndivyo itakavyokuwa."

Mwalimu aliegemea kiti. Programu ile aliianzisha yeye na mwenzake mmoja, sasa marehemu, wakiwa na wanafunzi saba na ubao uliopasuka. "Nani kakwambia hazipo? Ziko zote humu ndani. Walipogeuza chumba changu kuwa chumba cha kompyuta nilizihamishia stoo mwenyewe, nikazipanga kwa madaraja. Nzuri rafu ya juu, wastani katikati, dhaifu chini. Kesho utazipata."

Mguu wa Fundi uliokuwa ukikanyaga cherehani ulisimama wenyewe.

*

Mgeni alipoondoka, Mwalimu aliingia stoo huku akipiga mluzi. Fundi alibaki na gauni la watu mapajani. Alijua kilichokuwa kwenye rafu ya juu. Alijua kwa sababu alikuwa amekitumia.

Ilianza zamani, watoto wangali wadogo, wakati meza kubwa ya sebuleni ilikuwa ya wote wawili: upande huu kitambaa chake, upande ule ramani za wanafunzi, na mtoto wao wa kwanza akitambaa katikati. Siku moja alihitaji karatasi ya kukatia kola akamwomba mumewe. Mwalimu, bila kuinua kichwa, akamsukumia bunda zima. "Chukua tu, Mama. Hao walishahitimu." Basi Fundi aliichukua ruhusa ile kama cheti cha ndoa, kitu kisichohitaji kuombwa mara ya pili. Kila mteja aliyemshonea alimkatia vipande vyake vya karatasi vya kufuatishia kitambaa, mkono, mgongo, kola, akaviandika jina na kuvitundika kwenye waya nyuma ya mlango. Karatasi za wanafunzi zilikuwa nene na pana, dukani huzipati. Mwaka baada ya mwaka alikuwa akipanda kigoda stoo na kujichukulia, na waliohitimu majuzi ndio walikuwa juu.

Mluzi ulikatika. Mwalimu alitoka na bunda jembamba mikononi.

"Mama, naona za chini tu. Na za wastani mbili tatu. Wewe ulipofanya usafi ulizisogeza wapi zile nyingine?"

Angeweza kusema hajui. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Badala yake alipiga moyo konde, akaenda nyuma ya mlango, akauondoa waya wote kwenye msumari na kuubwaga mezani.

"Ziko hapa."

Mwalimu alichomoa kipande cha juu. Kilikuwa mkono wa blauzi. Akakigeuza, na upande wa pili kukawa na mto, madaraja mawili, na nusu ya jengo la shule. Akachukua kingine: mgongo, na nyuma yake soko lililochorwa kwa wino wa buluu, limekatwa pale panapokaa shingo.

"Hii ni ya Rula," alisema taratibu. Rula lilikuwa jina alilompa kijana mmoja ambaye mistari yake haikuwahi kutetemeka. "Hii nilimpa themanini na nane. Ndiyo kazi bora ya mwaka juzi."

"Ni ya mke wa mfamasia," Fundi alisema. "Mgongo wake mpana. Nilihitaji karatasi nzima."

Mwalimu hakufoka. Afadhali angefoka. Aliketi akashika tama, akavitazama vile vipande kama mtu aliyeonyeshwa picha za nyumba yake ikiwa imebomolewa. Kisha akasema kwa upole uliomchoma Fundi kuliko tusi, "Kumbe miaka yangu yote umewavalisha watu." Akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji, na Fundi akamwona kwa dirishani anajipapasa shavu na kugundua lile povu lililokauka tangu asubuhi.

Fundi alilia kidogo, akajifuta kwa kile alichokuwa akikishona, halafu akakumbuka kuwa ni cha watu.

*

Jumatano waliifunga sebule, wakatandika vipande sakafuni na kuanza kuviunganisha kwa utepe wa gundi. Mwalimu alikuwa hajamsemesha tangu jana isipokuwa kuomba chumvi. Lakini kazi ile haikufanyika kimya. Yeye alizijua karatasi kwa mwandiko, mkewe alizijua kwa miili, na hakuna aliyeweza kuipata nzima bila mwenziwe.

"Natafuta kona ya kaskazini ya huyu," Mwalimu alisema, "ina reli na bwawa."

"Reli, reli... Hiyo iko kwenye suruali ya yule dereva. Ngoja." Akapekua. "Hii hapa, mguu wa kushoto. Maskini, alikonda sana mwishoni. Nilimpunguzia mara tatu."

"Aliyechora hii naye alikuwa mwembamba. Alikuwa anasinzia darasani kwa sababu alifanya kazi ya ulinzi. Nikawa namwacha asinzie mpaka saa tatu, halafu namwuliza swali."

"Ndiye aliyekula ndizi zote siku ile?"

"Huyo huyo. Akaacha maganda kwenye droo yako ya vifungo."

Walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena kila mmoja peke yake. Vumbi la chaki liliwapanda puani. Fundi aliona mikono ya mumewe imeota mabaka, na akakumbuka ilivyokuwa zamani, myeusi kwa wino mpaka kwenye kucha, alipokuwa akirudi na wanafunzi saba nyuma yake na kutangaza mlangoni kwamba wamepanga mji mzima kabla ya chakula cha mchana. Waliamini wangeujenga kweli. Hata yeye aliamini. Alikuwa akitazama ramani zile akichagua mtaa wa kuhamia. Aliitamani siku moja tu ya wakati ule, hata iwe ile ya maganda ya ndizi.

Kufikia alasiri walikuwa na kazi nzuri tatu, zina makovu na matundu ya pini lakini nzima. Za wastani zilipatikana. Dhaifu hazikuwahi kuguswa, zilikuwa zimekaa chini zikingoja.

"Na hizi?" Mwalimu alizigonga kwa kidole. "Ungezikata nazo, zote tisa zingekuwa na hali moja. Mbona hizi hukuzikata?"

"Hizo zimejaa maandishi," Fundi alisema. "Tazama mwenyewe. Nikipiga mstari wangu wa chaki unapotea humo. Mimi nilitaka karatasi safi."

Alisema bila kuwaza, huku akikata utepe kwa meno. Mwalimu alikuwa na karatasi ya Rula mkononi, na hakuiweka chini.

"Imejaa maandishi gani hiyo?"

Fundi aliinua ya juu. Ilikuwa ya mwaka ule ule wa Rula, na mtaa ulikuwa ule ule, aliutambua kwa mkunjo wa mto. Ilikuwa na duara za chai na alama za vidole. Mwandiko haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa watu labda ishirini, kalamu ya kila rangi, wengine hawakujua hata kushika kalamu.

"Hapa mtu kaandika, 'Maji hufika kiunoni.' Chini yake mwingine kajibu, 'Kiunoni kwa mtu mrefu.' Hapa, 'Msitie barabara, ndipo tunapoanika nguo.' Hapa kuna mkono wa mtoto, kachora mbwa, kaandika 'mkali'." Akatabasamu. "Pale kwenye maji, huyo Rula wako kaweka nini?"

Mwalimu alitazama.

"Zahanati," alisema.

Fundi alishusha karatasi. Hakujua mipango miji, lakini alijua kukata, na akaona uso wa mumewe ukipoteza rangi.

"Baba, huyu Rula aliwauliza watu?"

"Alikwenda siku moja. Aliniambia mwenyewe, hakuficha. Ila mistari yake, Mama, ilikuwa..." Akaacha. "Lete hiyo."

Aligeuza ile karatasi chafu nyuma. Kulikuwa na wino mwekundu, mwandiko wake mwenyewe, wa haraka. Aliusoma kwa sauti kama anayesoma hukumu ya mtu mwingine: "Arobaini na moja. Kazi chafu. Hii ni ramani au daftari la mtaa?"

"Ya nani?"

"Ya Madoa." Fundi alimkumbuka, binti mpole aliyekuja hapa mara moja tu na hakukubali kuketi. "Hilo jina nilimpa mimi. Darasa zima likacheka. Ilikuwa mara yake ya pili kufeli somo langu, na kanuni inaruhusu mara mbili tu. Aliondoka."

Wakazipitia zilizobaki pamoja, moja moja. Si dhaifu zote zilikuwa kama ile. Moja ilikuwa dhaifu kweli, uvivu mtupu. Lakini zile mbili zilizojaa maandishi ya watu zilikuwa chini, na zile tatu zilizokuwa na nafasi nyeupe ya kutosha kukata mgongo wa mke wa mfamasia zilikuwa juu. Mkasi wa Fundi ulikuwa umetenga waliouliza na wasiouliza, wala haukujua.

"Peleka zilivyo," Fundi alinong'ona. Alikuwa anaomba. "Wakaguzi watatazama alama, Baba. Nzuri, wastani, dhaifu. Tisa zimetimia. Programu itabaki."

Mwalimu alinyanyuka akatafuta kalamu.

*

Yaliyotokea Ijumaa Fundi alisimuliwa na Mratibu, aliyemrudisha Mwalimu nyumbani na safari hii akaegemea kiti.

Mwalimu alizitandika kazi tisa mbele ya jopo, na kabla hawajauliza akawaambia kwamba alama zilizoko nyuma si za kuaminiwa. Kwamba tokeo linasema kupanga pamoja na watu, naye kwa miaka amesahihisha usafi. Amezisahihisha upya, na alama mpya ziko kwenye karatasi ya pembeni. Mwenyekiti wa jopo, mtu wa makamo mwenye sauti ndogo, alipitisha kidole kwenye matundu ya pini.

"Hizi zimefanywaje?"

"Mke wangu ni fundi nguo," Mwalimu alisema. "Ndiye aliyegundua."

Wengine wakacheka, na kicheko hicho, Mratibu alisema, kilikuwa kirefu kuliko ilivyostahili. Mwalimu alisubiri kiishe. Kisha mwenyekiti akamwuliza kama anaelewa kwamba amejishitaki mwenyewe, naye akasema anaelewa. Wakatoka, wakarudi. Programu ilipewa mwaka mmoja kwa masharti: jedwali jipya la kusahihishia, na kila kazi ipitiwe na watu wawili. Wanafunzi wapya watapokewa. Mwalimu atafundisha, lakini hatasahihisha peke yake tena.

"Tumepona, Mama," Mratibu alisema, macho yakimlengalenga. "Nilidhani ametumaliza. Kumbe ndicho walichotaka kusikia, kwamba kuna mtu ametazama."

Fundi alishukuru mpaka akaona haya. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake na viatu miguuni.

"Na yule binti?" aliuliza. "Kanuni inasemaje?"

Mratibu alivua miwani akaifuta. "Muda wake umepita, Mwalimu. Anaweza kuomba upya, aanze mwanzo kama wengine. Alama ya zamani haibadiliki kwenye kumbukumbu."

"Yuko wapi?"

"Manispaa. Dirisha la vibali vya ujenzi."

*

Jumatatu walikwenda pamoja. Mwalimu alikuwa amemwambia abaki, Fundi akajitia hamnazo na kuchukua mkoba wake.

Ofisi ile ilikuwa na foleni mbili, feni moja na benchi lililopungua ubao. Watu walishika michoro ya nyumba zao iliyokunjwa, wengine kwenye mifuko ya plastiki, wengine kifuani kama watoto wachanga. Walisimama nyuma ya mtu aliyevaa koti la kazi, wakasogea hatua kwa hatua, na kabla hawajamwona walimsikia.

"Huu ukuta wako wa nyuma, jirani atapitia wapi?"

"Jirani yupi?"

"Yule wa nyuma. Hapa hujamwonyesha. Ana njia nyingine?"

Mwenye koti alijikuna kichwa, akasema kwa kweli hana, mama yule hupita hapo hapo tangu zamani. Akaambiwa basi aonyeshe kwa kidole, na penseli ikasikika ikikwaruza. Fundi alimtazama mumewe. Alikuwa amefumba macho.

Zamu yao ilipofika, mwanamke aliyekuwa nyuma ya kioo aliinua uso, akasimama haraka kiti kikagonga ukuta. Alikuwa amenenepa kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa na wino wa muhuri.

"Mwalimu. Shikamoo. Mama, shikamoo. Mnajenga?"

"Hatujengi," Mwalimu alisema. Aliipitisha karatasi chini ya kioo, ile yenye duara za chai, lakini ilikuwa pana mno ikakwama, ikabidi Fundi aikunje na kuisukuma. "Nilikosea. Hii ilikuwa kazi bora kuliko zote za mwaka ule. Nimeisahihisha upya. Nimekuja kukwambia hivyo, na kukuomba radhi."

Mwanamke aliigeuza. Arobaini na moja ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake ilikuwa themanini na sita, na saini, na tarehe ya wiki iliyopita. Aliisoma muda mrefu. Aliigeuza tena upande wa mbele, akaupitia mwandiko mmoja mmoja kwa kidole chenye wino, akatabasamu alipofika kwa yule mbwa.

"Kuna nafasi mwakani," Mwalimu aliharakisha. "Utalazimika kuanza mwanzo, lakini nitakuandikia barua mimi mwenyewe, na Mratibu..."

"Sasa nina mtoto wa pili, Mwalimu. Na huyu mkubwa anaanza shule." Alisema bila uchungu, kama anayetaja anwani yake. "Asante kwa kuja. Kweli, asante. Wengine wasingekuja."

Nyuma yao foleni ilianza kukohoa. Fundi hakuweza kuvumilia. Akainama kwenye kitundu cha kioo.

"Mwanangu, lakini kwa nini hukukata rufaa wakati ule? Si ulijua umewauliza wale watu mmoja mmoja? Si ulijua kazi yako?"

Mwanamke alimtazama kwa mshangao, kana kwamba swali lile hakuwahi kulisikia.

"Ningekataje rufaa, Mama? Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alisema sijui, nami nikamwamini."

Aliikunja karatasi kwa uangalifu, akaiweka kwenye droo, akaketi. Mwalimu aliendelea kusimama pale dirishani, mkono umeshika ukingo wa mbao, mpaka aliyefuata akamwomba kwa heshima asogee kidogo ili naye ahudumiwe.